Kanda Arobaini na Moja za Ukimya

Ukipanda ngazi za nyuma za jengo la redio, zile zisizopandwa na wageni, ukapita chumba cha mabomba na mlango uliopakwa rangi mara tatu bila kukwanguliwa, utafika kwenye stoo ya sauti. Si stoo ya habari wala ya muziki. Hizo ziko chini, na zina viyoyozi. Hii ni stoo ya vile vishindo vidogo vinavyofanya mchezo wa redio uaminike: mlango ukifunguliwa na mtu mwenye wasiwasi, mlango huo huo ukifunguliwa na mwenye nyumba, ndoo ikitua, mbwa wa mbali, mbwa wa karibu, umati ukishangilia, umati ukishangilia kwa kulazimishwa. Kanda elfu kumi na moja na ushei, kila moja ndani ya boksi lake. Na mtu mmoja wa kuzitunza.

Mtu huyo wenzake walimwita Masikio. Masikio yenyewe yalikuwa madogo, yamelala kichwani utadhani nayo yana haya kama mwenyewe. Maana Masikio alikuwa mtu wa haya. Mezani aliomba chumvi kwa macho. Akiulizwa jambo mbele ya watu watatu alijibu kwa sauti ya mtu aliyeingia msikitini amechelewa, na mbele ya watu wanne hakujibu kabisa.

Aliingia pale akiwa na miaka kumi na tisa na cheti cha darasa la saba, ameajiriwa kufagia. Wakati huo mtengeneza vishindo alikuwa Mzee Kishindo, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye kwa kipande cha ngozi na yai bichi aliweza kukutolea farasi akiingia matopeni. Siku moja alimkuta mfagiaji wake amesimama koridoni na ufagio mkononi.

"Wewe, unalala wima?"

"Hapana, mzee. Nasikiliza ile mvua."

"Mvua ipi? Ule ni mchele, nimeurekodi jana ukimwagwa kwenye sinia."

Masikio akatazama vidole vya miguu yake. "Ndiyo, mzee. Lakini una chuya."

Mzee Kishindo akarudi studio, akaufunua mfuko wa mchele, akatia mkono. Ulikuwa na chuya. Kesho yake ufagio ulikabidhiwa mtu mwingine.

Kazi ya stoo aliyofundishwa ilikuwa na sheria moja tu, na sheria hiyo ilihusu lebo. Kila boksi lilitobolewa tundu pembeni, likapitishwa uzi. Yeyote aliyeazima kanda, akiirudisha alifunga kwenye uzi lebo ya karatasi ngumu, ameandika kwa maneno yake mwenyewe ile sauti aliitumia kuwa nini. Lebo ya mtu haikutolewa na mwingine, hata kama mwingine aliiona ni ya kipuuzi. "Sauti haina mwenyewe," Mzee Kishindo alikuwa akisema, "ina wanaoisikia. Sasa wewe nani uwazibe midomo?"

Kwa hiyo boksi la mvua juu ya bati lilikuwa na lebo kumi na tisa. Moja ilisema mvua kubwa. Nyingine ilisema mafuta yanakaanga. Nyingine makofi ukumbini, nyingine moto unakula nyumba, na moja, iliyofungwa na prodyuza aliyekuwa na matatizo nyumbani, ilisema mama mkwe akianza. Zote zilikuwa kweli. Mtu akija anataka makofi, Masikio alipitisha vidole kwenye zile karatasi zinazoning'inia kama mtu anayechagua mboga, akamletea mvua, na mtu akaenda studio akapigiwa makofi. Masikio hakuwahi kuzoea jambo hilo. Miaka thelathini na tatu, na bado kila mara lilimshangaza kama mara ya kwanza: kitu ni kimoja, hakijabadilika hata chembe, na kinakuwa vitu kumi na tisa kwa sababu watu kumi na tisa wamekisikia.

Lakini kilichomshangaza kuliko vyote kilikuwa kwenye rafu ya mwisho, karibu na dirisha. Pale palikaa kanda arobaini na moja ambazo ndani yake hamkuwa na kitu.

Yaani, mlikuwa na ukimya. Mtu asiyejua kazi hiyo anaweza kucheka. Lakini mchezo wa redio hauwezi kunyamaza tu hivi hivi. Waigizaji wakiacha kusema na pasiwe na chochote, msikilizaji anapiga redio kofi akidhani betri zimekwisha. Lazima awekewe kimya cha mahali: kimya cha chumba chenyewe wanachosemea. Na kila chumba kina kimya chake. Mzee Kishindo alikwenda kuvitafuta kimoja kimoja, Masikio nyuma yake amebeba mashine ya kurekodia begani. Waliketi darasani wakati wa mtihani. Waliketi wodini, kwenye karakana ya seremala misumeno ikiwa imezimwa, ukumbi wenye viti mia nane bila mtu hata mmoja, ofisi ya karani aliyekuwa likizo. Dakika tatu kila mahali, hakuna kukohoa, hakuna kujikuna.

Na mara moja waliketi nyumbani kwa akina Masikio. Palikuwa na mchezo wa mtu anayerudi safari na kukuta mkewe hayupo, na Mzee Kishindo alitaka chumba kimoja mara mbili: mara kuna mtu amekaa ndani bila kusema, mara hakuna. "Wasikilizaji hawatajua kwa nini," alisema, "lakini mioyo yao itajua." Masikio alimwomba mama yake awasaidie.

"Nikae tu?" mama aliuliza.

"Ukae tu, mama. Usiseme neno."

"Dakika tatu nisiseme? Baba yako ameiomba bahati hiyo miaka ishirini hakuipata."

Akakaa. Wakarekodi. Kisha akatoka kwenda kwa jirani, wakarekodi tena, chumba kile kile, kiti kile kile kitupu. Maboksi mawili yakafungwa lebo. Sebuleni kwetu, mama yupo. Sebuleni kwetu, mama hayupo. Miaka sita baadaye mama alifariki, na nyumba ikauzwa, na Mzee Kishindo naye akamfuata mama baada ya muda. Masikio hakuwahi kuisikiliza ile kanda ya kwanza tangu msiba. Alitosheka kujua kwamba ipo, kama mtu mwenye kisima anavyotosheka bila kunywa kila saa.

Basi ikaja kompyuta. Na pamoja na kompyuta akaja binti wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na adabu, ambaye kila mtu alimwita Injinia. Kazi yake ilikuwa kuziingiza sauti zote kwenye mashine ili prodyuza akiwa hata kwao aandike neno na sauti imjie. Alikuja na akina dada wawili wa kuchapa. Alikuja pia na orodha aliyopewa na wakubwa: maneno sitini. Kila sauti ipewe neno moja kati ya hayo sitini. Mvua, mlango, gari, mnyama, umati, na kadhalika.

Masikio aliisoma ile orodha mara mbili. Alitaka kusema kitu kuhusu mvua na makofi. Lakini Injinia alikuwa amesoma, na chumbani walikuwa watu wanne.

Kazi ikaanza. Akina dada walichukua boksi, wakakata uzi kwa mkasi ili kanda itoke kwa urahisi, wakatupia lebo kwenye katoni moja kubwa, wakaicheza kanda ndani ya mashine, wakachagua neno. Masikio alikaa kwenye kiti chake akisikia mkasi. Kila ukilia, bega lake la kushoto lilipanda kidogo. Hakusema. Siku ya kwanza, siku ya pili. Alijiambia kwamba bila shaka Injinia ana mpango wake, kwamba mtu mwenye elimu hawezi kukata uzi bila kujua atakavyoufunga.

Asubuhi ya Jumanne alikuta toroli mlangoni. Juu yake yalipangwa maboksi arobaini na moja, hayana uzi wala lebo, na kila moja limeandikwa kwa chaki: TUPU.

Injinia alikuwa ameiamuru mashine kwamba kanda ambayo sauti yake haifiki kiwango fulani ihesabiwe imefutika. Ilikuwa amri ya busara, kwa sababu kweli kanda nyingi za zamani zilikuwa zimefutika. Mashine ikatii. Ilisikiliza rafu ya mwisho, haikusikia chochote, ikasema tupu arobaini na moja, na haikunakili hata moja. Gari la kuchukua taka za kanda lingekuja Ijumaa.

Masikio alitembea hadi mezani kwa Injinia, akasimama, akarudi. Akaenda tena, akapanga kalamu zilizokuwa zimepangwa, akarudi. Mara ya tatu alichukua boksi moja kutoka kwenye toroli, akaipachika kanda kwenye mashine ya zamani, akamwekea Injinia hedifoni mbele yake.

"Sikiliza," alisema.

Injinia akavaa. Baada ya nusu dakika akavua. "Mzee Masikio, hii haina kitu."

"Sikiliza tena."

"Nisikilize nini?"

Hapo Masikio alilazimika kusema, na aliposema ilikuwa kama mtu anayetoa samani chumbani mlango ukiwa mdogo. "Usitafute kilichomo. Sikiliza... ukuta uko umbali gani. Dari liko juu au chini. Tulia kwanza. Usisikilize kama mtu anayeitwa. Sikiliza kama mtu aliyeamka na hajajua yuko wapi."

Injinia akavaa tena. Akafumba macho. Akina dada wakaacha kuchapa. Dakika ikapita, na uso wake ukaanza kubadilika taratibu, kama maji yanavyobadilika upepo ukiacha.

"Ni pakubwa," alisema, kwa sauti ya chini. "Pakubwa sana. Mzee, ni pakubwa na... pana vitu vingi sakafuni. Vingi vinavyofanana."

"Viti mia nane," Masikio akasema.

Injinia akafumbua macho, akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha akaitazama katoni. Akainuka, akachota lebo kwa mikono miwili, akaanza kuzisoma: mafuta yanakaanga, mtu anajuta, mlango wa polisi, asubuhi ya sikukuu iliyoahirishwa. Alisoma muda mrefu. Akamgeukia Masikio.

"Kwa nini hukuniambia?"

Masikio akatazama vidole vya miguu yake. "Nilidhani unajua."

"Na mimi nilidhani zingekuwa muhimu ungesema." Akakaa ukingoni mwa meza. "Basi tumekosa wote. Twende kwa mkurugenzi."

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene mchangamfu aliyependa kuonekana ana haraka. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Hebu nielewe vizuri," alisema. "Mnataka nitunze kanda arobaini na moja za kitu kisichosikika."

"Kinasikika, mkurugenzi," Injinia alisema.

"Kimya."

"Ndiyo, mkurugenzi. Lakini kimya cha mahali mbalimbali."

"Mke wangu naye ana cha namna mbalimbali, na hakuna anayemtengea stoo." Akacheka peke yake, kisha akaona hakuna aliyecheka, akakohoa. "Haya. Mpaka Ijumaa saa sita. Boksi litakalojulikana ni la wapi, libaki, mlinakili. Lisilojulikana liende na gari. Siwezi kutunza kitu ambacho hata mtunzaji hakijui."

Ilikuwa haki, na ndiyo iliyomtia Masikio baridi. Maana lebo arobaini na moja zilikuwa mle katonini, zimechanganyika na zaidi ya elfu mbili nyingine, na kanda arobaini na moja zilikuwa uchi. Ukizicheza, zote zilikuwa kimya.

Walizitafuta lebo kwanza. Jioni ya Jumanne zote zilikuwa zimepangwa mezani kwa mistari. Jumatano Masikio akaanza kusikiliza. Injinia alijibana upande wa pili na hedifoni ya pili, mkononi daftari, naye akashuhudia jambo ambalo baadaye alisema hakufundishwa chuo chochote.

Masikio alisikiliza kama mtu anayeonja. Sekunde kumi, ishirini, na kisha mkono wake ukatoka na kuchukua lebo mezani bila kusita. "Darasa," alisema. "Mtihani. Sikia, watu arobaini wanazuia pumzi, halafu wanaziachia kwa zamu." Ya pili. "Karakana ya seremala. Vumbi la mbao linakula sauti, kama umevaa kofia ya sufu." Ya tatu aliitambua kwa taa ya bomba iliyokuwa ikivuma kwa mbali sana. Ya nne kwa ndoo yenye maji nusu, iliyokuwa pembeni mwa chumba na haikufanya chochote ila kuwapo. Injinia alirudia kusikiliza kila moja, na kila moja aliposhaambiwa, alisikia. Kabla ya kuambiwa kulikuwa na giza. Baada ya neno, palikuwa na chumba.

"Mzee," alisema saa tano, "lebo ndiyo inayowasha taa."

"Ndiyo maana mtu akisema amesikia kitu, haifai kumzimia taa."

Injinia aliandika maneno hayo kwenye daftari. Na kati ya kanda na kanda alianza kumwuliza maswali, naye Masikio, kwa kuwa walikuwa wawili tu, alijibu. Je, watu wawili wakiandika maneno tofauti kwa jambo moja, mmoja kimya na mwingine unyamavu? Waache wote, Masikio alisema, ila waambie kuwa ni ndugu, ili anayemtafuta mmoja akutane na mwingine mlangoni. Je, mtu akiandika uongo? Uongo upi? Je, akiandika mvua kuwa ni makofi? Huo si uongo, binti, hayo ni matumizi. Basi tuwe na aina mbili, Injinia akasema, lebo ya sauti ilikotoka na lebo ya sauti inavyosikika, na kila moja ikae na jina la aliyeifunga na tarehe. Masikio akafikiri. Akasema Mzee Kishindo angempa huyu binti kiti chake.

Ile orodha ya maneno sitini hawakuitupa. Injinia aliiacha kama milango mikubwa ya mbele, na nyuma yake akafungua nafasi isiyo na mwisho ya maneno ya watu. Alhamisi asubuhi alimwonyesha Masikio majaribio yake, kwa lebo ambazo akina dada walizichapa kutoka rafu ambazo mkasi haukuwa umezifikia. "Sema maneno mawili yoyote, mzee."

"Sherehe," Masikio akasema. Akasita. "Na huzuni."

Injinia akayaandika, akabonyeza. Ndani ya muda wa kupepesa jicho kioo kikaleta sauti saba. Saba, kutoka rafu saba tofauti: glasi moja ikigongwa, viti vikikunjwa, mtu anafagia karatasi. Masikio alijua kila moja kwa miaka, alizipangusa vumbi kwa mkono wake, na kamwe hakuwahi kujua kwamba zilikuwa zikijuana. Vidole vyake viliweza kupita kwenye uzi mmoja mmoja tu. Kitu hiki kilipita kwenye nyuzi zote mara moja. Aliketi chini. Alikuwa ameiogopa mashine ile wiki nzima, na sasa alihisi kama mtu aliyeishi chini ya mlima akapandishwa juu akaonyeshwa paa la nyumba yake.

Kufikia Alhamisi alasiri kanda thelathini na tisa zilikuwa na majina yake. Zilibaki mbili, na lebo mbili mezani.

Masikio alisikiliza ya kwanza. Akasikiliza ya pili. Akarudia ya kwanza. Mkono wake haukutoka.

"Ni chumba kimoja," Injinia alisema kwa upole. "Hata mimi nasikia. Zulia, dirisha dogo upande wa kulia."

"Pazia," Masikio alisema. "Alilishona mwenyewe."

Injinia akasoma zile lebo mbili, na akaelewa.

Saa nzima Masikio alizunguka kati ya kanda ile na hii. Kwanza alikuwa na hakika ni hii. Akavua, akavaa, akawa na hakika ni ile. Kila kanda aliyodhani mama yupo, mama alikuwepo. Akihamia nyingine, mama naye alihama. Masikio ambayo hayakuwahi kumwangusha katika miaka thelathini na tatu yalikuwa yamegeuka yakawa ya ombaomba: yanasikia kinachotamaniwa. Aliweka hedifoni mezani. "Siwezi," alisema. "Zote mbili yupo. Nikitaka zote mbili hayupo."

"Nakili zote mbili, basi. Tuandike hatujui."

"Mkurugenzi alisema lisilojulikana liende."

"Chumba kinajulikana."

"Binti," Masikio akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumkatiza mtu tangu wenzake wamfahamu, "chumba mimi ninakijua. Sitaki kukaa na mama yangu na kiti kitupu nisijue ninayemsalimia ni nani."

Injinia akavuta kiti, akaingiza kanda zote mbili kwenye kompyuta, akaviweka vimya vyake viwili juu na chini kwenye kioo. Vilionekana kama mistari miwili iliyochorwa kwa rula. Akavuta mchoro, ukakua. Akavuta tena, na tena, mpaka mstari ukawa mnene na wenye nywele, kama kamba ikitazamwa karibu. Wa juu ulikuwa na nywele tu. Wa chini ulikuwa na kitu kingine. Kila baada ya sekunde nne au hivi, ulivimba. Kidogo mno, kisha ukatulia. Ukavimba tena.

Masikio alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Aliweka kidole chini ya uvimbe wa kwanza, akakisogeza hadi wa pili, hadi wa tatu. Alihesabu bila sauti, midomo tu. Mstari ulivimba mara arobaini na nne, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa zile dakika tatu.

"Pumzi," alisema.

Mtu aliyekuwa chini ya udongo miaka zaidi ya ishirini alikuwa akipumua mbele yake, katika mchoro, kwa utulivu, bila haraka, kama alivyokuwa akifanya mambo yote. Masikio hakulia. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, na alikaa hivyo mpaka akina dada nao wakainuka kuja kuona anatazama nini.

Injinia alimsogezea kibodi. "Funga mwenyewe, mzee."

Aliandika kwa kidole kimoja, ikamchukua muda: sebuleni kwetu mama yupo. Kisha, chini yake, kwenye sehemu ya jinsi inavyosikika: anapumua.

Ijumaa saa sita gari la taka lilikuja, likabeba toroli lenye maboksi sita tu ya rafu nyingine, yaliyokuwa yamefutika kweli. Masikio alikuwa ameyasikiliza yote sita kwanza, kwa heshima.

Jumamosi alimleta dada yake. Dada huyu, mdogo wake kwa miaka minne, alikuwa amepewa na Mungu maneno yote ambayo kaka alinyimwa. Alipanda zile ngazi za nyuma akilalamika magoti, akasalimia kila kiti, akamwuliza Injinia kwa nini hajaolewa, kisha akavishwa hedifoni na kuambiwa anyamaze.

"Nisikilize nini?"

"Mama."

Akanyamaza. Injinia alikuwa ameipandisha sauti mara nyingi, mpaka ule uvimbe uliweza kusikika: hss, kisha kimya, kisha hss. Dada alisikiliza hadi mwisho, mikono imelala mapajani. Alipovua, macho yalikuwa na maji, lakini mdomo ulikuwa umepinda kwa namna kaka yake aliyoifahamu.

"Nani kawaambia hiyo ni pumzi?"

"Ni pumzi," Masikio alisema.

"Kaka yangu, wewe una masikio, lakini hukuwahi kufundishwa kushona. Huo ni uzi. Unavutwa kwenye kitambaa kizito. Anashona." Akaivaa tena, akainua kidole. "Na amenuna. Sikia anavyoumalizia, anaukata na mkono. Mama akiwa radhi uzi wake hulala."

"Nilimwambia akae tu."

"Na wewe ulikuwa unamtazama?"

Siku ile Masikio alikuwa amefumba macho dakika zote tatu, kama Mzee Kishindo alivyowafundisha wote wanaorekodi.

"Anune kwa nini?" Injinia aliuliza.

"Hee! Mgeni mzima ameingia nyumbani kwake, amekaa kwenye kiti chake, na yeye anaambiwa asiseme hata karibu. Dakika tatu! Mama yetu? Lazima mikono ingesema."

Injinia aliwatazama kaka na dada, akatazama kioo. "Ninyi wawili mna hakika?"

"Ni pumzi," alisema Masikio.

"Ni uzi," alisema dada.

Injinia akasogeza kibodi upande wa dada. Naye akaandika, haraka, kwa vidole vyote, akisema kila herufi kwa sauti: anashona, amenuna, mgeni hajakaribishwa. Jina lake likatokea pembeni, na tarehe, chini ya jina la kaka yake. Lebo ya kwanza haikuondoka. Zilikaa pamoja.

Masikio akazisoma zote mbili. Kisha akaomba hedifoni kwa macho, akavaa, akarudisha kanda mwanzo. Hss. Kimya. Hss. Ilikuwa pumzi, alikuwa na hakika. Akasikiliza zaidi, na taratibu, pale pale ndani ya pumzi, uzi ukaanza kupita.